Majina yasitangulie kikao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna wafanyakazi wanavyopunguzwa katika viwanda vikubwa vya huku Nyanda za Juu Kusini. Malalamiko yanafanana. Ijumaa jioni, shifti zikipokezana, watu wanaitwa mmoja mmoja kwa afisa rasilimali watu. Mezani kuna karatasi mbili. Moja ni barua ya kupunguzwa kazi. Nyingine imeandikwa "makubaliano ya kusitisha ajira", na hiyo ndiyo inayotakiwa isainiwe kabla mtu hajafika mlangoni. Jumatatu ndipo viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi wanaitwa "kushauriwa".

Huko si kushauriana, ni kutangaziwa. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aweke wazi taarifa zote zinazohusu jambo hilo, kisha akae na chama cha wafanyakazi, na wasio na chama pia wasikilizwe. Wanajadili sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuwachagua, muda na malipo. Wasipoelewana, shauri linakwenda kusuluhishwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Majina huja baada ya hayo yote.

Menejimenti nyingi hukiona kikao hicho kama cha kutimiza wajibu tu, wakati ndipo mahali pekee ambapo hesabu mbovu ingekamatwa. Chukua kiwanda kinachokwenda saa 24 kwa siku zote saba. Wiki ina saa 168, na saa za kawaida za mfanyakazi ni 45. Ukigawanya unapata 3.7, ndiyo maana mitambo ya aina hiyo huendeshwa na makundi manne. Kila kundi hufanya wastani wa saa 42, na hata likilipwa 45 kamili, kila nafasi inagharimu saa 180 za mshahara kwa wiki. Sasa ondoa kundi moja. Matatu yaliyobaki yanafanya saa 56 kila moja, yaani ovataimu ya saa 11, na ovataimu hulipwa mara moja na nusu. Saa 45 ukijumlisha 16.5 unapata 61.5, na mara tatu ni 184.5. Umefukuza watu na mshahara umepanda! Hapo bado hujagusa siku ya mapumziko ya wiki, ambayo shifti saba za saa nane zinaimeza na ambayo kila saa yake hulipwa mara mbili. Akiba itaonekana tu kama ovataimu hailipwi, na kwa kweli ndivyo inavyokuwa: watu wanaambiwa tuvumiliane kipindi hiki kigumu.

Kuna kikomo pia. Sheria hairuhusu zaidi ya saa 50 za ovataimu katika wiki nne. Saa 11 mara nne ni 44, zinabaki sita, ambazo hazitoshi hata shifti moja ya kumshikia mwenzako aliyelazwa.

Hasara nyingine haimo kwenye mishahara. Kanuni za sheria hiyo za mwaka 2007 zinataja kigezo cha aliyeingia mwisho kutoka kwanza, huku zikizingatia ujuzi na uzoefu ambao kiwanda kinauhitaji. Badala yake wanalengwa mafundi wa miaka mingi kwa kuwa mishahara yao ni mikubwa. Tazama feni ya boila, mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke. Beringi yake ikikosa girisi haifi siku hiyo. Huanza kupata joto, kisha hutoa mlio mwembamba ambao fundi aliyeizoea huusikia akiwa anapita tu. Mgeni aliyepewa bomba la girisi bila kufundishwa husukuma mpaka siili, kizuizi cha girisi isivuje, inatoka, na girisi ikizidi nayo huichemsha beringi vile vile. Kioo cha kuonyesha maji ya boila nacho hupulizwa kila shifti kwa kufungua vali zake ili njia za maji zisafike. Njia zake zikiziba, kitaonyesha maji wakati ndani yamekwisha. Hapo hatuzungumzii uzalishaji tena, tunazungumzia roho za watu.

Kwa ambao tayari wameitwa: usisaini karatasi ya pili siku hiyo. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, piga hesabu. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa wiki, agawanye kwa 26, wastani wa siku zake za kazi kwa mwezi, apate 15,000 kwa siku. Kiinua mgongo hakipungui siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyefanya miaka 14 kima chake cha chini ni 1,050,000. Aliyefikisha miaka 9 na miezi 11 anahesabiwa 9, yaani 945,000, kwa hiyo tarehe iliyo kwenye barua itazame vizuri. Ongeza notisi ya siku 28, siku ulizofanya kazi bila kulipwa, likizo unayodai, na nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa. Aliyeajiriwa Njombe akaletwa Mbeya nauli yake ni ya Njombe, pamoja na fedha ya kujikimu akisubiri kusafirishwa. Hati ya utumishi nayo ni haki yako.

Ukiona umeonewa, una siku 30 tu za kufika CMA, tangu siku ajira ilipokoma. Wengi huzipoteza kwa kusubiri ahadi ya "tutawaita tena". Jaza fomu namba 1 pamoja na Sehemu B inayohusu kuachishwa kazi, mpelekee mwajiri nakala kwanza, apige muhuri au asaini kuwa amepokea, ndipo uiwasilishe. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa.

Maofisa kazi wa Mbeya, Iringa na Njombe nawaomba kitu kimoja. Mkiingia kiwandani, takeni muhtasari wa kikao cha kifungu cha 38, muuweke kando ya barua za walioondolewa, msome tarehe.

Msomaji,
Iyunga, Mbeya