Shoga, usiniulize kama pana raha, niulize muende saa ngapi

Kissimmee, Florida
14 Oktoba

Shoga yangu wa tangu madrasa,

Assalaam aleikum. Sauti yako ya WhatsApp niliisikiliza jana asubuhi nikitoka kazi ya usiku, nikairudia kwa sababu ya kile kicheko cha mwisho. Ati shemeji kapiga hesabu ya tiketi za bustani za michezo za Disney World kwa watu watano, akafunga daftari, akasema, "Basi tuwapeleke pale Disney Springs kwa bure, si Disney ni Disney?" Nawe waniuliza mimi mwenyeji: pana raha au hapana? Nimeona bora niandike, maana kwa simu utanikatiza nisimalize.

Naanza na shemeji. Mwambie Disney si Disney. Pale hapana kasri, hapana yale magari ya kukimbizwa kwenye reli watu wakapiga mayowe. Ni maduka na mikahawa kando ya ziwa, basi. Watoto wakitolewa Ohio kwa kuambiwa "twaenda Disney", halafu wakajikuta mbele ya duka la viatu, watakaolia ni wao na atakayebembeleza ni wewe. Waambie mapema kwamba hiyo ni matembezi ya jioni moja, na ile siku ya bustani yenyewe, kama mtaimudu, ni siku nyingine.

Lakini hesabu yake naielewa. Kule kwenye bustani tiketi ya siku moja yapita dola 100 kwa kichwa, na gari peke yake lalipiwa si chini ya dola 30 kuegeshwa. Disney Springs hapana kiingilio, na maegesho ni bure. Usidhani ni ukarimu, lakini. Wamejenga magorofa ya magari ya bure kwa sababu mtu asiyelipa getini huingia na mkono mwepesi.

Haya, raha. Mimi naiona ipo, na nimekaa kufikiri kwa nini naiona, maana mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa hapa hapa, haioni kabisa. Yeye husema ni duka kubwa lililopakwa rangi. Nikakumbuka Lighthouse yetu ya Mombasa. Wewe na mimi tumekwenda Lighthouse Jumapili ngapi? Na kuna nini pale? Bahari ile ile, meli inayoingia Kilindini, kachiri kwenye karatasi, dafu, muhogo wenye pilipili na ndimu, na watu. Hatukuwahi kuulizana kama Lighthouse pana raha. Tulivaa, tukatoka, tukapunga upepo, tukawatazama waliovaa kutushinda, tukarudi. Sasa chukua hiyo Lighthouse, iweke kando ya ziwa la kutengenezwa, kisha kila hatua mbili weka keshia. Hiyo ndiyo Disney Springs. Anayekwenda kutembea hufurahi, na anayekwenda kununua hurudi na risiti ndefu na miguu imevimba.

Kwa hivyo saa ndiyo muhimu. Msiende mchana. Nendeni saa kumi na moja jioni, watoto wameshakula nyumbani kwangu (nitapika, usibishane). Jua likianza kuzama taa zinawashwa, maji yanageuka kioo, na wapiga muziki wanatoka wawili watatu pembeni mwa njia. Hapo ndipo hata mimi niliyechoka na kazi husahau kwamba nimechoka.

Kitu cha kwanza nitakachowaonyesha ni magari ya majini. Mbele ya mkahawa uitwao The Boathouse kuna mteremko wa zege unaoingia ziwani. Utaona kigari cha rangi kama peremende, cha zamani, yale yaliyotengenezwa Ujerumani miaka ya 1960, kinateremka pole pole na abiria ndani, nawe moyo unakudunda maana sisi tuliokulia kivukoni gari likielekea maji hatukai na amani. Kinaingia. Maji yanapanda mpaka karibu na mlango. Kisha kinaelea na kwenda zake kama mashua, dereva akieleza hadithi. Kukipanda ni zaidi ya dola 100 kwa safari ya kama dakika 20, jambo ambalo sikushauri. Kukitazama ni bure, na ukikaa pale ukutani utaona vingine vikishuka na kupanda. Mwanangu wa kiume angelala hapo hapo.

Kisha Lego, vile vipande vya plastiki vya watoto kuunganisha. Nje ya duka lao kuna joka la baharini lililojengwa kwa vipande vya Lego, limezama ziwani likitoa kichwa na mapindi ya mgongo, na kuna masanamu mengine ya kupigia picha. Mbele kidogo Rainforest Cafe ina mlima wa volkano juu ya paa unaotoa moto kila baada ya muda, na kwenye mkahawa wa T-Rex kuna madinosauri yanayonguruma. Si lazima ule. Chungulieni, pigeni picha, mpite. Aibu ya kuchungulia bila kununua niliiacha mwaka wangu wa kwanza Marekani.

Sasa duka lenyewe la World of Disney. Hapo ndipo vita ilipo. Ni kubwa, limejaa vinyago mpaka darini, na fulana za "hakuna matata" zimetundikwa kama kwamba kuna mtu wa kwetu husema hivyo akiwa hana mgeni wa kumuuzia kitu. Usiingie na watoto bila mkataba. Mimi kila mtoto humpa dola 35 taslimu mkononi na kumwambia hizo ndizo, zikiisha zimeisha. Mara ya kwanza mwanangu alichagua kinyago cha dola 34.99, akapiga foleni peke yake kifua mbele. Keshia akamwambia 37.26. Mtoto akanigeukia na macho ya mtu aliyeibiwa! Nilisahau kumfundisha kwamba hapa bei ya kwenye kibandiko si bei, kuna kodi ya asilimia 6.5 inayokungoja kwenye mashine. Nyinyi wa Ohio mnaijua, lakini mtoto haijui mpaka imuume. Niliongeza ile dola mbili na ushei, na mkataba ukafa siku ile ile uliyozaliwa.

Kuhusu chakula nitakwambia lililonipata. Mwaka jana nilialika wageni wangu watatu kwenye mkahawa mmoja pale, jina nitalimeza. Nilikuwa nimeweka meza mapema, saa kumi na mbili na nusu. Tulikaa muda wa saa moja na robo tukisubiri, samaki akaja mdogo, amepambwa majani kama bibi harusi. Bili dola 168. Nikaona sehemu ya bakshishi, nikaanza kuandika, shangazi mmoja kati ya wageni, kasoma miwani puani, akanishika mkono: asilimia 18 ilikuwa imeshatiwa humo ndani kwa maandishi madogo. Ningelipa bakshishi mara mbili nikijiona mstaarabu. Soma risiti, mwenzangu. Soma kama unasoma mkataba wa nyumba.

Njaa ikiwashika, Blaze Pizza yatosha; unasimama mbele ya mpishi ukimwonyesha kwa kidole unachotaka kitiwe juu, hivyo sisi wa kula halali twajichagulia mboga na jibini kwa amani. Maji ya barafu ukiomba kwenye vibanda vya chakula wengi hukupa bure. Na kuna hizo biskuti za Gideon's watu wanazozisimamia foleni, ambayo siku za watu wengi huwa ya kwenye simu: unajiandikisha, unaendelea kutembea, unaitwa. Biskuti moja karibu nusu ratili! Nilicheka nilipoambiwa, nikadhani ni maneno ya biashara. Nunua moja, igaweni watu wanne, na chai mtakunywa kwangu.

Ukipenda mzaha, juu ya duka la Coca-Cola kuna paa la kukalia, na huuza sinia la vikombe vidogo vidogo vya soda za nchi mbalimbali. Usimwambie shemeji chochote, mpe kikombe cha Beverly ya Italia. Ni chungu kama kwinini. Mtazame uso. Wewe kaa na simu tayari.

Majina ya mahali hapo yananichekesha. Lilifunguliwa 1975 likiitwa Lake Buena Vista Shopping Village, baadaye likawa Walt Disney World Village, 1997 likawa Downtown Disney, na tangu 2015 ndiyo hii Disney Springs. Kama mwanamke anayebadilisha jina kila akiolewa. Hata kulikuwa na wakati, kuanzia 1989, sehemu yake moja ilikuwa ya madisko, ikiitwa Pleasure Island, na kila usiku wakisherehekea mwaka mpya na fataki, siku zote za mwaka. Madisko hayo yalifungwa 2008. Leo hapo wanapita akina mama na mikokoteni ya watoto. Sijui kwa nini hilo hunipa huzuni kidogo, na mimi disko sijawahi kwenda.

Hilo jina la sasa nalo ni la kuazima. Wameyapa maji yao rangi ya buluu ya kijani ili yafanane na chemchemi za kweli za Florida. Ni mazuri, usiku hasa. Lakini chemchemi za kweli zipo, tena hazina keshia kila hatua. Mwendo wa kama saa moja kutoka kwangu, karibu na mji wa Orange City, kuna Blue Spring. Gari zima na watu wake hulipa dola 6. Na nyinyi mnakuja Desemba, wakati wenyewe: mto ukipoa, nguva hukimbilia humo kwa sababu maji ya chemchemi hukaa kwenye nyuzi 22 mwaka mzima. Nguva, shoga! Wale ambao bibi alikuwa akitutishia nao. Hawa ni jamaa wa wale wa kwetu, mkia wao ni wa duara kama sinia, na asubuhi ya baridi huwa ni mamia, wamelala majini kama magunia. Kuogelea wakati huo hairuhusiwi, mnasimama juu ya daraja la mbao mnatazama. Mimi nilisimama pale nikalia, na sikuwa na sababu yoyote.

Kwa hivyo ratiba yangu ni hii. Blue Spring asubuhi, mapema, maana kukijaa hufunga geti. Mnarudi mnalala. Jioni Disney Springs. Kama shemeji atalainika kuna jambo la tatu: hoteli yao ya Animal Kingdom Lodge ina mkahawa unaoitwa Sanaa, madirisha yake yanatazama mbuga ndogo yenye twiga na pundamilia, na watu wanausifu kwa sinia la mikate ya kihindi na chatne zake. Ndiyo, mikate na chatne, kama ya kwenu Bondeni, kwa bei ambayo sitaitaja kwa heshima ya mama yako. Lakini weka meza kwanza, usifike getini mikono mitupu. Majina yao mengi pale ni ya lugha yetu: Boma, Jiko, Kidani. Unaweza kumsahihisha mhudumu matamshi, kama mimi. Watoto wangu hawajanisamehe.

Wasiwasi wangu mmoja ni hiyo Desemba yenyewe. Wiki ya Krismasi mahali hapo hujaa mpaka njia zinafunga, na miti yao iliyopambwa huvuta watu kama halua inavyovuta nzi. Ukiweza kuja kabla ya tarehe 18, njoo. Ukishindwa, twende Jumanne au Jumatano, Jumamosi niache mimi nyumbani.

Mnapokuja niletee ule unga wa mahindi wa duka la yule Msomali wa kwenu, wa hapa una ladha ya karatasi. Na buibui langu ulilochukua kwenye arusi ya dada yako, miaka sita sasa, najua liko.

Wasalimie watoto wote, yule kitinda mimba mbusu mara mbili.

Shoga yako

Nimesahau: najua akili ya shemeji. Atafikiri kuegesha gari bure Disney Springs kisha apande basi lao la bure mpaka kwenye bustani ili aokoe zile pesa za maegesho. Walimfikiria kabla hajazaliwa. Mabasi ya kutoka hapo kwenda bustanini hakuna. Aegeshe kwenye gorofa la Lime, taa ya kijani juu ya nafasi maana yake ni tupu, nyekundu imejaa, na kabla ya kushuka apige picha ya namba ya ghorofa. Mimi nimewahi kulitafuta gari langu dakika 40 na biskuti mkononi.