Swahiba, nitafutie dirisha la 35

Mkunazini, Unguja

Swahiba yangu,

Assalaam alaykum. Vipi hali, vipi baridi ya Berlin, vipi watoto? Sisi wazima, Alhamdulillahi. Bi Mkubwa goti bado linamsumbua, lakini sokoni anakwenda mwenyewe na hataki mtu amchukulie kikapu. Najua nimekunyamazia tangu baada ya Idi, usininunie. Leo nina haja, na haja yenyewe inatokana na kamera ya marehemu ami.

Unaikumbuka ile Zorki 4 aliyorudi nayo kutoka Moscow, ambayo hata kuigusa tulikuwa haturuhusiwi? Shangazi kanikabidhi. Chini ya mkoba, ndani ya soksi, nikakuta na lenzi ya pili: Jupiter-12, ya pembe pana, milimita 35. Namba yake inaanza na 69, na kwa lenzi za Kirusi tarakimu mbili za mwanzo aghalabu ndizo mwaka wa kutengenezwa, kwa hivyo ni ya 1969. Ami akisema Warusi waliipata kwa Wajerumani, na ni kweli. Asili yake ni lenzi ya Biogon, aliyoibuni Ludwig Bertele wa kampuni ya Zeiss miaka ya 1930.

Ukiishika utaipenda. Kwa mbele fupi, nyepesi, lakini kioo cha nyuma kimetokeza kama jicho la kaa, kinaingia ndani ya kamera mpaka karibu na pazia la shata, lile linalofunguka kupitisha mwanga. Kila ninapoifunga nazuia pumzi. Pete ya tundu la mwanga nayo imejificha ndani ya mdomo wa lenzi, lazima uingize ncha za vidole ndiyo izunguke. Na ile amri ya ami ya kuvuta filamu kwanza ndipo uguse kasi ya shata, naifuata mpaka leo.

Sasa tatizo. Dirisha la Zorki, lile la kuchungulia unapopiga, linaonyesha upana wa lenzi ya milimita 50 tu. Nilimpiga Bi Mkubwa barazani anapepeta mchele, nikampanga vizuri, yeye na ungo wake, basi. Filamu kuitoa, kumbe mumo na mlango mzima, baiskeli ya jirani, na mguu wa mtoto anayekimbia. Bi Mkubwa mwenyewe kawa mdogo katikati. Picha si mbaya, swahiba. Ule mguu wa mtoto ndio ninaoupenda kuliko vyote. Lakini sikuuona nilipofyatua, na hilo linaniuma. Nataka niuone.

(Filamu ya kwanza niliipeleka dukani kusafishwa, ikarudi na mikwaruzo mwanzo hadi mwisho. Picha za shangazi zote zimo humo. Tangu hapo nasafisha mwenyewe usiku, na kwa kuwa dawa inataka nyuzi 20 na maji yetu unayajua, natia barafu.)

Nimejaribu kukisia. Nasogea hatua mbili mbele kuliko dirisha linavyoniambia, na mara nyingine napata. Lakini mwezi wa saba ni Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, nataka niende Makunduchi nikae katikati ya wanaume wanapopigana kwa migomba, na kile kibanda kikichomwa niwe karibu. Hapo ndipo mahali pa lenzi hii khasa! Kwa jua letu na filamu ya ISO 400, inayoshika mwanga upesi, tundu la mwanga natia 16 kwa kasi ya 1/500 ya sekunde, umbali naweka mita mbili na nusu, na kila kitu kuanzia mita moja na nusu mpaka mwisho wa macho kinatoka wazi. Hakuna haja ya kupima umbali kwa kutafuta sura mbili dirishani zikutane ziwe moja. Nafyatua tu. Ila kukisia mipaka ya picha kwenye vurugu ile siwezi.

Kwa hivyo ninachokuomba ni dirisha la nje la 35, lile linalochomekwa juu ya kamera. Warusi walitengeneza jingine la kuzunguka lenye vioo vitano, 28 mpaka 135. Hilo pia nitalipokea kwa mikono miwili, lakini la 35 peke yake ndilo jepesi. Chungulia ndani kabla hujalipa, vioo visiwe na ukungu.

Pale Mauerpark, kwenye soko la vitu vikuukuu, bado unapita Jumapili? Yule mzee wa Kipolandi mwenye meza ya saa na kamera, yupo? Wataka niitume pesa kwa shemeji, au tuhesabiane ukija? Na unakuja kweli mwezi wa saba, au ndiyo maneno ya mwaka jana? Da Mwana anaulizia, mimi sikumjibu kitu. Ukija, utanisindikiza Makunduchi? Na zile picha alizotupiga ami Forodhani, mimi na wewe na ile samaki, bado unazo?

Nijibu upesi.

Nduguyo wa Mkunazini