Hesabu za kampuni zioneshe na hewa ukaa

Mhariri,

Hapa Tanga kampuni kubwa ikitoa madawati, picha hupigwa na hotuba hutolewa. Madawati tunashukuru. Ila hisani si wajibu, na wajibu wa kampuni kwa mazingira ndio ninaoutafuta.

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi atende kwa nia njema, kwa maslahi ya kampuni, akiwajali wanahisa na wafanyakazi. Mazingira hayakutajwa hapo. Waingereza, ambao tumezoea kuazima sheria zao, waliyaingiza katika sheria yao ya mwaka 2006.

Nitaambiwa ipo NEMC, baraza la taifa la mazingira. Sawa, lakini NEMC hushughulika zaidi na vyeti vya mradi na uchafuzi unaoonekana. Chukua saruji, tunayoijua vizuri Tanga: sehemu kubwa ya hewa ukaa yake hutoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe likichomwa, hata ukibadilisha nishati ya tanuri. Hilo ni la kuamuliwa kwenye bodi, na bodi haina anayeiuliza.

Wanaoumia ni akina mama wakulima wa mwani kule Mkinga. Bahari ikipata joto kwa sababu ya hewa hiyo, kotonii, aina ya mwani yenye bei, hupauka kwenye kamba, ikalainika na kukatika kabla ya bamvua la kuvuna. Mama hana bodi ya kuilalamikia.

Tangu 2020 kampuni zinatakiwa kuieleza BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, wamiliki wake halisi ni nani. Basi katika taarifa wanayoipelekea BRELA kila mwaka waongeze kiasi cha hewa ukaa walichotoa na mpango wa kukipunguza, na mkurugenzi atie saini kwa jina lake.

Tena sheria hiyo isiishie kwa kampuni tanzu, ifike na kwa kampuni mama zilizo nje. Bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, TotalEnergies ya Ufaransa wana asilimia 62 ya hisa zake. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanakijiji wa Chingola, Zambia, kuishtaki kampuni ya madini ya Vedanta hukohuko London kwa maji yaliyochafuliwa na mgodi wa kampuni yake tanzu. Kwenye tabianchi kazi ni ngumu zaidi: Novemba 2024 mahakama ya rufaa ya The Hague, Uholanzi, ilisema kampuni ya mafuta ya Shell ina wajibu wa kupunguza hewa ukaa, ila ikakataa kuipangia asilimia. Kama mahakama inasita kupanga kiwango, basi Bunge ndilo likipange, na wabunge wa Tanga wawe wa kwanza kumbana Waziri wa Viwanda na Biashara.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga