Ufadhili wa shule ya sheria Marekani unapotea hata kwa aliyefaulu

Mhariri,

Habari za vijana wetu kwenda kusoma Marekani huishia pale barua ya ufadhili inapofika. Picha inapigwa, hongera zinamiminika, basi. Kwa anayekwenda kusomea sheria, yaani shahada ya JD ya miaka 3, naomba nafasi nieleze kwamba fedha zile zina masharti, na mtu anaweza kuzipoteza hata kama hajakaribia kudisko.

Vipimo ni vitatu na havifanani. Kimoja ni GPA, yaani wastani wa alama, ya chini ya kubaki shuleni. Kingine ni cha mikopo ya serikali ya Marekani, ambayo kwa wageni huwahusu wenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na wakimbizi waliopokewa rasmi, si wenye viza ya mwanafunzi. Cha tatu ni cha ufadhili wa shule yenyewe, na hapo ndipo penye mtego.

Tuseme barua inakuahidi dola 25,000 kwa mwaka mradi ushike GPA ya 3.0. Kwa aliyezoea kuongoza darasa, sharti hilo ni jepesi. Lakini katika shule nyingi za sheria mwalimu wa mwaka wa kwanza hagawi alama atakavyo. Shule imeshampangia alama ya katikati ya darasa. Ikiwa 2.9, karibu nusu ya darasa au zaidi watakuwa chini ya 3.0 hata wakikesha wote. Tena somo zima mara nyingi huamuliwa na mtihani mmoja wa mwisho wa muhula, bila alama za kazi za darasani za kukuinua.

ABA, jumuiya ya wanasheria wa Marekani inayozipa shule hizi ithibati, huzitaka kupitia Kanuni ya 509 zitangaze kila mwaka ni wanafunzi wangapi waliingia na ufadhili wa masharti, na wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa. Jedwali hilo liko kwenye tovuti ya kila shule. Lisome kabla ya kulipa ada ya kushikilia nafasi, kisha iandikie shule uombe sharti lishushwe liwe kubaki katika hali nzuri kitaaluma tu. Si lazima ikubali, ila baada ya kulipa huna tena cha kujadiliana nacho.

Zamani pengo la ufadhili lilizibwa na mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS, uliofika hadi gharama yote ya masomo. Kwa wakopaji wapya, kuanzia 1 Julai 2026 mkopo huo haupo; mwanafunzi wa sheria ana kikomo cha mikopo ya serikali cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Ukipoteza ufadhili katika shule ya gharama kubwa, kinachobaki ni mkopo wa benki binafsi, ambao kwa kawaida hudai mdhamini.

Mikopo ya serikali nayo huangalia GPA, kasi ya kumaliza krediti (vipimo vya uzito wa kila somo), na muda wa juu wa kuhitimu. Kasi ndiyo isiyoeleweka. Ni krediti ulizomaliza kugawanywa kwa ulizojiandikisha, na shule nyingi hudai asilimia 67. Chukua aliyejiandikisha krediti 15, akaacha somo la 4 katikati ya muhula na kubakiza la 3 halijakamilika. Amemaliza 8, sawa na asilimia 53, hata kama masomo aliyoyamaliza yote ana A. Muhula ujao akimaliza 15 zote atafika 23 kwa 30, karibu asilimia 77, lakini kwa shule inayopima kila muhula tayari ameshapewa onyo. Onyo hudumu muhula 1, na mkopo huendelea. Asipopanda, mkopo unakatwa mpaka ashinde rufaa.

Msitegemee sapu. Kwa kawaida F inabaki. Ukirudia somo, krediti za mara zote mbili huhesabiwa katika ulizojiandikisha.

Kuhusu rufaa ya mkopo, kanuni ya serikali inataja kifo cha ndugu, ugonjwa au jeraha la mwanafunzi, au mazingira mengine maalumu. Inataka ueleze mambo mawili: kwa nini ulishindwa, na nini kimebadilika. Rufaa nyingi hueleza msiba kwa kirefu na kusahau la pili. Kama aliyefariki ni baba mdogo aliyekulea, andika wazi kwamba ndiye aliyekulipia ada na uliishi kwake, maana afisa asiyewajua atamwona ni ndugu wa mbali. Ambatisha cheti cha kifo na tiketi ya safari, kisha orodha ya masomo utakayochukua kila muhula, iliyopitiwa na mkuu wa wanafunzi. Ukikubaliwa unawekwa kwenye uangalizi wa muhula 1, au unafuata mpango huo wa masomo.

Na anayetaka kuacha somo apite kwanza ofisi ya misaada ya fedha, asiishie kwa msajili. Akiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya mkopo hurudishwa serikalini na shule humgeuzia yeye deni la karo.

Mshauri wa masomo,
Dar es Salaam