ENIAC haikuwa peke yake mbele

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya sayansi imerudia lile lile tulilokaririshwa shuleni, kwamba kompyuta ya kwanza ya elektroniki duniani ni ENIAC ya Marekani, iliyoonyeshwa hadharani mjini Philadelphia Februari 1946. Ilikuwa dude kweli kweli, valvu (zile taa za kioo zilizotumika kama swichi za umeme kabla ya transista) zaidi ya 17,000 na uzito wa tani 30 hivi, na sifa hizo siigombei. Ninachogombea ni nafasi ya kwanza mliyoipa. Mapema mwaka 1944 kompyuta iitwayo Colossus ilikuwa tayari inachapa kazi Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kufumbua siri za adui katika Vita ya Pili ya Dunia.

Aliyeiunda ni Tommy Flowers, mtoto wa mwashi kutoka mashariki mwa London, mhandisi wa simu katika idara ya Posta. Ilihitajika mashine ya kusaidia kufumbua ujumbe wa siri uliofichwa kwa mashine ya Lorenz, waliokuwa wakitumiana wakuu wa jeshi la Ujerumani. Mtambo uliotangulia ulizungusha kanda mbili za karatasi zenye matundu, ambazo zilipaswa kwenda sambamba. Zilivutika, zikapishana, zikakatika. Flowers akasema kanda moja iondolewe, kazi yake ifanywe na valvu. Bletchley wengi hawakusadiki: valvu elfu na ushei zitadumu muda gani kabla moja haijaungua?

Sisi tuliowahi kufungua redio za valvu tunaielewa hofu hiyo. Valvu hupenda kufa pale pale unapowasha. Uzi wa ndani ulikuwa wa baridi, unapata moto ghafla, kwisha habari yake. Flowers alikwishajifunza kwenye mitambo ya simu kwamba dawa ni kutoizima. Colossus ya kwanza, yenye valvu 1,600 hivi, iliachwa inawaka usiku na mchana, ikasoma herufi 5,000 kwa sekunde. Vita ilipokwisha zilikuwa zimeshafika kumi.

Mbona hatukuambiwa? Kwa sababu nyingi zilivunjwavunjwa, na Flowers akaamriwa ateketeze michoro. Aliitia kwenye tanuru kwa mkono wake. Baadaye aliomba mkopo Benki Kuu ya Uingereza ili aunde mashine kama ile, akanyimwa. Hawakuamini kitu cha namna hiyo kinaweza kufanya kazi, naye hakuruhusiwa kusema kwamba ameshakiunda. Siri ilianza kufunguliwa miaka ya 1970, na kufikia hapo vitabu vilikuwa vimeshaandika ENIAC. Mwaka 1993, mzee wa miaka 87, alimaliza kozi ya msingi ya kompyuta chuoni akapewa cheti. Sijui kama walimu wake walicheka au walisimama.

Najua atatokea wa kunijibu kuwa Colossus ilikuwa ya kazi moja tu, ilhali ENIAC iliweza kupangwa upya kwa hesabu za kila aina. Ni kweli, ingawa kuipanga huko kulikuwa kuchomoa na kuchomeka nyaya kwa siku kadhaa, kazi iliyofanywa na wanawake sita ambao makala yenu haikuwataja hata kwa nusu mstari. Lakini kama kipimo ni kufuata programu, basi mhandisi Konrad Zuse wa Berlin aliionyesha mashine yake, Z3, Mei 1941. Hiyo ilitumia rilei za simu, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, na programu yake ilitobolewa kwenye mikanda chakavu ya sinema. Mabomu yaliisambaratisha mwaka 1943. Na kama kipimo ni programu kukaa ndani ya kumbukumbu ya mashine yenyewe, kama zilivyo kompyuta zetu leo, twendeni Manchester, Uingereza, ambako mashine ya kwanza ya namna hiyo iliendesha programu tarehe 21 Juni 1948. Huko huko Marekani, mwaka 1973 mahakama iliifuta hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya ENIAC, jaji akisema wazo la msingi lilitokana na mwanafizikia John Atanasoff wa Iowa.

Naomba mchapishe masahihisho, mseme ENIAC ilitangulia kwa lipi, na jina la Flowers liwemo. Ukurasa ule unabandikwa madarasani.

Msomaji wenu,
Fundi redio mstaafu, Tanga