Lipeni kodi kabla vitu havijatolewa nje

Ndugu Mhariri,

Baridi ya Juni na Julai inapoishika Mbeya, vikundi vya makanisani, misikitini na maofisini huchangishana, hununua mablanketi na kuyapeleka usiku stendi, Mwanjelwa na kwenye vibaraza vya maduka ya Kabwe. Ni kazi njema. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtu anayelala juu ya saruji usiku wa Julai yuko hatarini kweli. Lakini asiye na chumba hana pa kuliweka blanketi mchana. Akienda kubeba mizigo sokoni hulificha mtaroni au juu ya kibanda cha mtu, na jioni hulikuta limelowa au halipo kabisa. Wiki mbili tatu baadaye michango inaanza upya.

Tunaomba nafasi katika gazeti lako kuwasihi wanaochangisha wapeleke sehemu kubwa ya fedha hizo kwa mtu ambaye leo bado ana chumba na wiki ijayo hatakuwa nacho.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mchukulieni mpangaji wa chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi, Ilomba au Nzovwe, aliyekwama miezi miwili. Anadaiwa 80,000. Akishatolewa na kutafuta chumba kingine cha bei ileile, mwenye nyumba mpya atataka miezi sita mbele, yaani 240,000, na dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja, 40,000. Hizo ni 280,000 kabla ya kukodi kirikuu, gari dogo la mizigo, cha kuhamisha vitu. Kwa fedha ya kumrudisha huyo mmoja ndani, kaya tatu zingelipiwa deni zikabaki zilipo, na 40,000 ingesalia. Na hapo hatujamhesabu mama lishe anayepoteza wateja waliozoea kibaraza chake, wala mtoto anayehama shule katikati ya muhula.

Wengi wanadhani miezi sita ni sheria. Si sheria. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo miezi ya kulipa mbele ni makubaliano ya pande mbili. Ni mazoea, na mazoea yanazungumzika. Mwenye nyumba hadai miezi sita kwa ukatili. Anataka fedha ya mkupuo kwa sababu shule zinafunguliwa Januari na Julai, au ana chumba cha uani anachotaka kukimaliza, na zaidi ya yote anaogopa kumfuata mpangaji mlangoni kila mwezi. Kikundi kinachokwenda kuzungumza naye kikamhakikishia nani atamkumbusha mpangaji, tarehe gani, na nani atasimama katikati mambo yakikwama, mara nyingi kinapata miezi miwili badala ya sita.

Kwa wanaotaka kuanza, kazi ianzie nyumbani kwa mpangaji. Ofisini mtu huleta barua ya utambulisho tu. Nyumbani mnaona mkataba kama upo, mnaona LUKU ni ya pamoja au ya peke yake (ugomvi mwingi wa kodi chimbuko lake ni umeme wa kuchangia), na mnaona nani wanaishi mle. Ulizeni mambo matatu: deni ni la miezi mingapi, kipato kilikatika kwa sababu gani, na kitarudi lini. Kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu na kufungwa plasta ana jibu la swali la tatu, kwa hiyo kumlipia miezi miwili kuna maana. Mtu ambaye hata akiwa mzima kipato chake hakifikii kodi hasaidiwi na deni kulipwa, kwa kuwa miezi mitatu mbele atakuwa palepale. Huyo asaidiwe kuhamia chumba cha bei ndogo sasa, kabla hajakosana na mwenye nyumba, maana mwenye nyumba mpya atapiga simu kwa yule wa zamani kuuliza habari zake. Uamuzi usizidi siku tatu. Kikao cha kamati cha mwisho wa mwezi hukuta vitu vimeshakaa nje.

Fedha isipitie mkononi mwa mpangaji. Tunasema hivi kwa heshima, si kwa kumdhania wizi. Mwenye deni la kodi huwa pia anadaiwa dukani, kwenye VICOBA na mara nyingi na wakopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ambao wakisikia ameshika laki watakuwa mlangoni kabla ya jua kuzama. Lipeni kwa mwenye nyumba, na hapo ndipo makosa makubwa hutokea. Anayekusanya kodi si lazima awe mwenye nyumba. Anaweza kuwa mwangalizi, mtoto wa familia au dalali aliyejiongezea kazi. Muulizeni mjumbe na majirani wawili, kisha angalieni kama jina linalotokea kwenye simu wakati wa kutuma fedha linalingana na la kwenye mkataba. Mwenye nyumba akiwa amefariki, ombeni kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Bila hiyo mtamlipa kaka, na wiki ijayo dada atakuja kusema familia haijapokea kitu.

Risiti iandikwe hapohapo: kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, chumba kipi, kuanzia tarehe ipi hadi ipi, saini ya mwenye nyumba, ya mpangaji na ya shahidi. Nakala ziwe tatu, na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni kinatosha. Ongezeni sentensi moja kwamba ndani ya miezi mitatu kodi haitapanda na mpangaji hatatolewa kwa deni lililokwisha kulipwa. Sentensi hiyo ikikosekana, wapo wanaopokea malimbikizo leo na kutoa notisi kesho, kwa sababu deni lilikuwa ndicho kitu pekee kilichowazuia kumwondoa mtu. Pelekeni nakala kwa mtendaji wa mtaa.

Baada ya hapo mpangaji awekewe njia ya kulipa inayofanana na namna anavyopata. Mbeba mizigo wa Mwanjelwa hupata fedha kwa siku, na kudaiwa kwa mkupuo ndiko kunakomwangusha. Chumba cha 40,000 ni shilingi 1,600 kwa siku 25 za kazi. Akiiweka kila jioni kwenye simu ya mtu anayemwamini, au kwenye kibubu kinachofunguliwa mbele ya shahidi, mwisho wa mwezi kodi ipo na siku tano zimebaki za mvua au homa. Mtembeleeni mwezi wa kwanza na wa tatu. Wa pili mara nyingi hupita salama kwa nguvu ya aibu. Wa tatu ndio unaoonyesha kama mpango umeshika.

Kundi la pili ni wajane, na kwa mikoa yetu ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-2023 uliiweka Njombe kwenye asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, mikoa mitatu iliyo juu kuliko yote. Dawa zimepunguza vifo sana, lakini miaka ya nyuma imeacha nyumba nyingi ambazo jina la mwenyewe bado ni la marehemu. Mjane hafukuzwi siku ya msiba. Hutolewa miezi kadhaa baadaye, kwa upole, kupitia karatasi aliyoisaini mwenyewe. Kikao cha ukoo huandika muhtasari wa kumpendekeza shemeji kuwa msimamizi wa mirathi, mjane akiwa bado ana macho mekundu anawekewa kalamu mkononi, na haulizwi kama amesoma. Kikundi kinachotaka kusaidia kimpeleke mapema kwa msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na ambaye huduma yake ni bure. Akusanye cheti cha kifo, cheti cha ndoa na muhtasari wa ukoo, naye anaweza kuomba usimamizi mwenyewe kwenye Mahakama ya Mwanzo. Asiye na cheti cha ndoa asikate tamaa: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo, kwa hiyo majirani wa siku nyingi ni mashahidi wa thamani. Na ukoo ukumbushwe kwamba msimamizi ni mtumishi wa warithi. Usimamizi haumpi umiliki wa nyumba.

Mke ambaye mume yu hai na anataka kuuza nyumba wanayoishi analindwa na kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo: nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Lakini sheria hiyo haimsaidii sana aliyekaa kimya mpaka mnunuzi ameshalipa. Viwanja vingi vya Isyesye, Uyole na pembezoni mwa mji havijapimwa, na mauzo yake hushuhudiwa ofisi ya mtaa. Basi aandike barua mapema kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kwamba anaishi pale na hajaridhia kuuzwa, agongewe muhuri kwenye nakala yake na kuitunza nje ya nyumba hiyo, kwa dada au kwa jirani. Mgogoro ukifika baraza la kata ajue kwamba tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu. Uamuzi unatoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuhusu watoto wanaolala stendi za Mbeya, Makambako na Iringa tunasema machache. Msiwachukue mkawalaza majumbani kwenu, hata kwa nia safi. Mjulisheni afisa ustawi wa jamii au pigeni 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Nauli ya kumrudisha kijijini peke yake haitoshi. Mtoto aliyekimbia kipigo cha mjomba hurudi stendi na basi linalofuata, kama hakuna aliyekwenda kumwona huyo mjomba kwanza.

Wapo pia wenye nyumba zao ambazo mvua inawatoa. Fedha za kundi hili zitumike Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za Novemba. Ukuta wa tofali mbichi huanguka kuanzia chini: maji ya paa hudondoka karibu mno, hurusha tope, na kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini wa tofali, inalika mpaka ukuta unakaa juu ya hewa. Msingi wa mawe ulioinuka sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi, paa lililotokeza sentimita 60 na mfereji wa kupeleka maji mbali huongeza maisha ya ukuta kuliko plasta ya saruji, ambayo kwenye udongo hupasuka, maji yakaingia nyuma yake na kuubandua ukuta pamoja nayo. Upepo nao hung'oa paa zima lenye kenchi (mbao zinazobeba bati) zilizowekwa tu juu ya ukuta. Zifungwe kwa waya mnene uliopitishwa kozi tatu nne chini, na misumari ya bati ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanapopita. Mnaponunua, kumbukeni bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa namba ni kubwa.

Na hata mnaopeleka mablanketi, tafadhali ulizeni mtu anaota moto wapi. Vyumba vya kupanga vina dirisha moja dogo, na kwenye baridi watu huingiza jiko la mkaa ndani, huziba upenyo wa mlango kwa nguo na kulala. Moshi wa mkaa ulioshika vizuri hauonekani, na hewa yake ya sumu haina harufu. Inaua familia nzima usingizini. Jiko litolewe nje kabla ya kulala. Asemae hivyo wakati wa kukabidhi blanketi ametoa vitu viwili.

Kinachopungua zaidi kwa sasa ni wenye nyumba, kuliko hata fedha. Tunawaomba wenye nyumba wa Ilomba, Nzovwe, Iyunga, Uyole na Isyesye walio tayari kupokea kodi ya mwezi mmoja au miwili, huku kikundi au kanisa likisimama kama mdhamini, waandikishe vyumba vyao kwa watendaji wa mitaa yao: idadi ya vyumba, bei, umeme unalipwaje, maji yako wapi. Watendaji nao wabandike orodha hiyo kwenye mbao za matangazo, ili anayetafuta chumba aione bila kumlipa dalali.

Wanaojitolea katika huduma ya makazi,
Mbeya