Barua ya wazi kwa mkuu wa kitengo cha viza: hivi mnataka tuje Ufaransa tukiwa tumeshajua Kifaransa?

Mheshimiwa,

Salamu kwanza, maana hata mtu akiwa na hasira salamu haidhuru. Naandika hapa hadharani kwa sababu milango mingine yote nimeshaigonga. Imeili ya ofisi yako inajijibu yenyewe kwamba ujumbe umepokelewa halafu ndiyo basi, simu inaita mpaka inakata, na pale kituo cha kupokea maombi wanasema wao kazi yao ni kupokea karatasi na kuchukua alama za vidole tu, uamuzi hauwahusu. Sawa, nimeelewa. Anayehusika ni wewe.

Wiki hii nimerudishiwa pasipoti. Ndani hakuna viza niliyoomba ya kuja Ufaransa kusoma kozi ya Kifaransa, kuna karatasi yenye orodha ya sababu na mbele ya sababu moja mtu ameweka alama, kwamba maelezo niliyotoa kuhusu lengo la safari na jinsi nitakavyoishi huko ama hayajakamilika ama hayaaminiki. Ipi kati ya hizo mbili, haisemi. Kama hayajakamilika niambieni karatasi gani imekosekana, nitaileta kesho asubuhi kabla hamjafungua geti. Kama hayaaminiki basi mnaniita mwongo, na mtu akiitwa mwongo angalau aambiwe amedanganya wapi. Na kozi yenyewe ilishaanza mheshimiwa, pasipoti imerudi wenzangu wako darasani tayari, mwalimu kaniandikia kuuliza kama bado nakuja na mpaka sasa sijamjibu maana sijui nimwambie nini.

Hii sio mara ya kwanza. Ombi la kwanza lilikataliwa kwa sababu nyingine kabisa, ile inayosema kuna mashaka makubwa kwamba naenda Ufaransa kufanya jambo jingine tofauti na masomo. Kwa hiyo safari ile nilikuwa na nia mbaya, safari hii nia haijatajwa ila karatasi ndiyo mbaya. Faili ni lile lile, nililiongeza unene tu. Nikakaa nikajiuliza hivi hawa watu wanalisoma kweli au wanaangalia jalada?

Naomba nikukumbushe faili lenyewe lina nini, kwa sababu nadhani umeshapitisha mengi umelisahau. Kuna barua ya kukubaliwa kwenye kozi ya Kifaransa ya mwaka mzima, kozi ya chuo kikuu, sio ya kichochoroni. Kuna risiti ya ada. Kuna cheti cha DELF, ule mtihani wenu wa Kifaransa, kiwango cha A2 yaani cha pili kutoka chini, nilichokipata kwa kusoma jioni baada ya kazi. Kuna taarifa ya benki inayoonyesha euro 615 kwa kila mwezi nitakaokaa, kama mnavyotaka, na kwa miezi 12 hiyo ni euro 7,380, pesa ambayo familia yangu imeikusanya kwa namna ambayo sitaki kuieleza mbele ya watu, lakini kuna mtu ameuza kitu alichokuwa akikitegemea. Kuna bima, kuna barua ya mahali pa kulala, kuna barua ya kueleza kwa nini nataka kusoma Kifaransa, ukurasa mzima, tena niliiandika mwenyewe kwa Kifaransa changu hiki hiki cha A2, watu walinishauri nimpe mtu aninyooshee nikasema hapana wacha waone kiwango changu halisi. Labda ndiyo imeonekana haiaminiki.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi ya vyote, nacho ni yale mahojiano. Afisa aliyenihoji aliongea Kifaransa mwanzo mwisho, kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, na nilipomwomba kwa adabu arudie swali akaandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye akaniuliza kwa nini usisome Kifaransa hapa hapa kwenu, mbona madarasa yapo. Mheshimiwa, madarasa yapo ndiyo, nimeshayasoma, ndiyo yaliyonipa hiyo A2. Lakini ukitoka mlangoni tu Kifaransa kimekwisha, hakuna wa kuongea naye mpaka darasa lijalo. Vyuo vikuu vya Ufaransa kwa digrii zinazofundishwa kwa Kifaransa vingi vinataka B2, ngazi mbili juu ya yangu, na kutoka A2 kwenda B2 ni mamia ya masaa, kwa darasa la jioni la masaa machache kwa wiki nitafika nikiwa na mvi. Kozi ya huko ni kila siku, halafu unatoka unanunua mkate kwa Kifaransa, unapotea njia kwa Kifaransa, unagombana na mwenye nyumba kwa Kifaransa. Hicho ndicho ninachokifuata na ndicho nilichomjibu, kwa Kifaransa kibovu, na nadhani ule ubovu ndio ulioniponza.

Yaani niambie kama nakosea. Anayeenda Paris kusoma biashara kwa Kiingereza anaonyesha cheti cha Kiingereza na faili lake linasonga mbele, hakuna anayemuuliza kwa nini usisome biashara kwenu. Mimi ninayetaka lugha yenu, ninayewapenda mpaka nataka kuongea kama ninyi, ndiye ninayetiliwa shaka! Hapo nimeshindwa kuelewa.

Na ahadi mlitoa wenyewe, sikuzitunga mimi. Novemba 2017 Rais Macron alisimama Ouagadougou, Burkina Faso, mbele ya wanafunzi akasema Kifaransa kinaweza kuwa lugha ya kwanza ya Afrika na pengine ya dunia (sisi wa Kiswahili tulicheka kidogo, lakini hatukukataa, mtu ana haki ya kuota). Novemba 2018 Waziri Mkuu Édouard Philippe akatangaza mpango wa Bienvenue en France, yaani karibuni Ufaransa, kwamba mnataka wanafunzi wa kigeni 500,000 ifikapo 2027. Tangazo lile lilikuwa na sehemu mbili, moja tamu moja chungu. Chungu ilikuwa ada ya vyuo vya umma kwa tusiotoka Ulaya, ambayo kwa digrii ya kwanza ilitoka euro 170 ikapangwa 2,770 kwa mwaka. Tamu ilikuwa kwamba viza za wanafunzi zitarahisishwa. Ile chungu ilitufikia haraka sana, 2019 tu vyuo kadhaa vilishaanza kuitoza. Ile tamu bado iko njiani nadhani, labda nayo inasubiri apointimenti.

Halafu mkakarabati jumba la mfalme kule Villers-Cotterêts, ambako mwaka 1539 Mfalme François wa Kwanza alisaini amri ya kutumia Kifaransa kwenye karatasi za serikali, mkalifanya makao ya kimataifa ya lugha ya Kifaransa, likafunguliwa 2023, mwaka uliofuata marais wakaja kwenye mkutano wa nchi zinazoongea Kifaransa. Nimeangalia picha zake zote kwenye simu. Pazuri kweli. Kwa mwendo huu nitaendelea kupaangalia kwenye simu hivyo hivyo.

Kuhusu nyumba nitasema kidogo maana nikianza sitamaliza. Mnataka ushahidi wa mahali pa kuishi kabla ya viza. Wenye nyumba huko wanataka mdhamini aliyeko Ufaransa, na mimi huko simjui hata mtu mmoja. Serikali yenu ina mpango mzuri tu wa udhamini wa bure unaitwa Visale, na vijana wa kigeni tunaruhusiwa kuutumia, ila uwe na viza ya muda mrefu kwanza. Kwa hiyo nyumba inasubiri mdhamini, mdhamini anasubiri viza, viza inasubiri nyumba, mimi nawasubiri wote watatu. Nilipata chumba kwa bahati, nikalipa kukishikilia, na hiyo pesa sasa imekwenda, sawa na pesa ya usajili wa kozi ambayo chuo kimesema hairudi, sawa na pesa ya viza ambayo nayo hairudi. Kila kitu kwenye safari hii hakirudi isipokuwa mimi, ambaye hata sijaondoka.

Kuna watu wananiambia chukua ile viza fupi ya Schengen, ya kutembelea nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ya siku 90, nenda hivyo hivyo. Sitaki. Siku 90 ndani ya siku 180 hazitoshi kunitoa A2 mpaka B2, na viza hiyo huwezi kuigeuza ukiwa huko ikawa ya mwanafunzi, ukimaliza unarudi. Mngenikuta nimepitiliza mngesema si tuliwaambia? Nimefuata njia iliyonyooka, ile ndefu, yenye karatasi nyingi, na ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mimi nina dhana yangu na utanisahihisha. Nadhani hapo ofisini mtu wa kozi ya lugha mnamuona ni mtu anayetafuta mlango wa kupita tu, kwa sababu hana digrii anayoifuata bado, na kwa sababu mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi masaa 964 kwa mwaka, basi mnaona huyu anakuja kuosha vyombo. Inawezekana wapo waliofanya hivyo. Mimi siwajui. Na nadhani pia faili zimekuwa nyingi na mikono ni michache, maana hata kupata nafasi ya miadi kwenye mtandao ni vita, ukiingia saa sita usiku zimejaa, halafu asubuhi kuna dalali anakwambia yeye anazo, ulipe tu. Hao madalali wanazipata wapi mheshimiwa? Hilo nalo ungeliangalia, sio kazi yangu kulichunguza.

Najua utaniambia nikate rufaa. Nimeisoma karatasi mpaka nyuma. Rufaa inakwenda Nantes, mji wa huko kwenu Ufaransa, nina siku 30 tu, na niiandike kwa Kifaransa, kile kile mlichonizuia nisije kujifunza. Nikishaituma, miezi miwili ikipita bila neno basi kimya hicho ndicho jibu, nimekataliwa, halafu ndiyo niende mahakamani huko huko Nantes. Sisi huku mtu ukimuuliza jambo akakaa kimya miezi miwili tunamwita kwa wazee aeleze ana shida gani. Hiyo rufaa nitaikata, usiwe na wasiwasi, lakini wewe na mimi tunajua kwamba mpaka Nantes waamke muhula mwingine nao utakuwa umeanza.

Sasa naomba nini. Mwanzoni nilikuwa na orodha ndefu. Nilitaka kuomba mahojiano ya watu wa kozi ya lugha yafanyike kwa kiwango cha cheti chao, mwenye A2 aulizwe kwa A2. Nilitaka muache kutuuliza kwa nini tusisome nyumbani. Nilitaka pesa ya viza irudi pale ambapo ofisi ndiyo iliyochelewa. Na kama hamtaki kabisa watu wa kozi ya lugha basi semeni wazi, tangazeni, tusiuze vitu vya watu kwa kukusanya 7,380, tujue moja, kuna nchi nyingine zinafundisha Kifaransa. Kanada kozi isiyozidi miezi sita haidai hata kibali cha masomo, unahangaika na viza ya kuingilia tu.

Lakini nimeona ukiomba mengi unapewa kimya kwa yote, kwa hiyo nayaacha. Naomba moja. Mtu mmoja hapo ofisini kwako afungue faili langu, namba yake iko kwenye hizo imeili zote mlizozipokea, aniandikie sentensi moja ya kawaida, karatasi fulani haikuwepo, au karatasi fulani hatukuiamini kwa sababu hii. Sentensi moja tu. Sio alama, sio kiboksi. Hata iwe kwa Kifaransa, nitaisoma na kamusi.

Chuo kimekubali kunisogeza muhula ujao na kimenipa wiki chache tu za kuthibitisha kama nakuja. Kwa hiyo mheshimiwa nakuomba, kwa heshima zote nilizobaki nazo, hiyo sentensi inifikie kabla hawajampa mtu mwingine nafasi yangu. Nimeshalipa ada ya kusubiri. Niandikieni.

Wako katika kusubiri,
Mwombaji wa viza ya kozi ya Kifaransa, aliyekataliwa kwa sababu mbili zisizofanana